Ng'ombe wangu hupunguza maziwa kila kiangazi: nifanye nini Juni hii?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Kisesa, Mwanza. Nafuga ng'ombe wawili chotara wa Frisiani wanaokamuliwa, mtamba mmoja mwenye mimba, dume la miaka miwili na ndama wa miezi mitatu. Sasa hivi wale wawili wananipa lita 21 kwa siku. Mwaka jana nilianza kiangazi vizuri hivihivi, lakini kufika Agosti nilikuwa nakamua lita 9 kwa wote wawili, na wateja wangu wa mtaani wakahamia kwa mwingine. Nina nusu ekari ya mabingobingo (majani ya tembo), na shamba la ukoo la ekari moja limeota nyasi tu. Maji tunanunua, kila ng'ombe nampatia ndoo mbili kwa siku. Jirani ananiambia niache kuhangaika, niwapeleke ziwani wakachunge kama wa kwake. Mwingine anasema nifanye sileji, yaani majani mabichi yanayofungwa bila hewa yachachuke, mwingine anasema nikaushe majani. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Pole kwa wateja. Mteja wa maziwa akishazoea chupa ya mwingine, kumrudisha ni kazi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nikakwama kwenye maneno uliyoyapita haraka: ndoo mbili. Umeniuliza sileji au majani makavu, na nitafika huko, lakini naanzia kwenye ndoo.

Ndoo mbili ni lita 40. Maziwa yenyewe ni maji kwa asilimia 87, na ng'ombe wa lita kumi anahitaji kama lita 60 hadi 80 za maji kwa siku, ukijumlisha anayokunywa na yaliyomo kwenye chakula chake. Sasa angalia kinachotokea. Aprili anakula mabingobingo mabichi, na kilo 40 za mabingobingo mabichi zina zaidi ya lita 30 za maji ndani yake. Jumlisha na ndoo zako mbili, umefika lita 70. Ng'ombe ametulia, maziwa yanatoka. Agosti anakula mabua na nyasi kavu zisizo na maji hata ya kulowesha ulimi, na ndoo bado ni mbili. Umempunguzia maji karibu nusu na hukujua. Ubaya wake ni kwamba ng'ombe mwenye kiu anapunguza na kula vilevile, hasa chakula kikavu. Kwa hiyo hata ungejaza banda majani mazuri, yangebaki kwenye hori.

Jaribu kesho jioni. Ukimaliza kukamua, mwekee ndoo ya tatu halafu usiondoke, simama umwangalie. Akiimaliza bila kuinua kichwa, kisha akaanza kulamba kitako cha ndoo, jibu la kwanza unalo tayari.

Nitakavyo mimi ni hivi: Juni ndoo tatu kwa kila anayekamuliwa, na kuanzia wakati unapoanza kuwapa majani makavu, ndoo nne. Moja iwe ya usiku, kwa sababu ng'ombe hucheua usiku na maji ndiyo yanayomsaidia. Pasua pipa moja katikati, nusu moja iwe hori la maji lisilokauka. Najua maji ni ya kununua. Lakini sijawahi kuona mtaa wa Mwanza ambako ndoo ya maji inauzwa ghali kuliko lita ya maziwa.

Haya, tuje kwenye majani.

Huku kwetu mvua huaga mwezi Mei. Juni umande bado upo na kila kitu kinaonekana kijani, ndiyo maana watu wanalala. Julai unakuja upepo na vumbi, na mvua ya kutegemewa hairudi mpaka Oktoba au Novemba. Nyasi hazikungoji umalize kuvuna mpunga. Zikishatoa maua na kukomaza mbegu, chakula kilichokuwa kwenye majani kinakuwa kimeshuka mizizini na kingine kimedondoka na mbegu, unabaki na vijiti. Na hapa kuna jambo ambalo wafugaji wengi hawaambiwi: nyasi zikishuka chini ya asilimia 7 ya protini, vijidudu vinavyomsagia ng'ombe chakula tumboni vinakosa nguvu. Chakula kinakaa tumboni muda mrefu, hakipiti, na ng'ombe anaacha kula kwa sababu hana nafasi. Utamwona ana tumbo kubwa, unasema ameshiba, kumbe amejaa vijiti na ana njaa. Huyo ndiye ng'ombe wako wa Agosti iliyopita.

Wazee wetu walilijua hili zamani. Msukuma alikuwa na ngitili, eneo analolifunga mvua zinapoanza, hakanyagi mnyama, mpaka kiangazi kikikaza ndipo analifungua. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kwenda hadi 2004, ulizirudisha ngitili nyingi zilizokuwa zimekufa, na ukienda upande huo leo bado utaziona. Lakini ngitili ni nyasi zilizokaukia shambani zikiwa zimesimama. Zinamfikisha ng'ombe wa kienyeji kwenye mvua akiwa hai, na kwa kazi hiyo hazina mpinzani. Kumtaka chotara akupe lita kumi kwa nyasi zilezile ni kumwonea. Yeye anataka nyasi zilizokatwa bado zina kitu ndani.

Kwa hiyo lile shamba la ukoo likatwe sasa, nyasi zinapoanza kutoa maua. Anza saa nne hivi, umande ukishakauka. Tandaza pale pale zilipoangukia, geuza mara mbili kwa siku, na kwa jua la Juni siku mbili au tatu zinatosha. Usiamini macho. Chukua fungu, lisokote kama unakamua nguo, kisha kwangua kifundo cha shina kwa ukucha. Ukucha ukitoka na unyevu, bado. Zikiwa tayari zinapaswa kuwa kijani bado, kijani kilichopauka, na zinanukia vizuri kiasi kwamba unaweza kuzilalia. Zikiwa za njano umezichelewesha juani.

Kuzifunga, usinunue mashine. Mpe fundi seremala vipimo hivi: kasha la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Unalaza kamba mbili chini, unajaza nyasi, mtu anaingia kukanyaga, unaongeza, anakanyaga tena, unafunga kamba na kulivua kasha kwa juu. Robota linalotoka lina kama kilo 20. Shule zikifunga Juni watoto wako nyumbani, na hii ndiyo kazi ya shamba pekee niliyoona wanaigombania. Wangu walikuwa wanapangiana zamu ya kukanyaga, na yule mdogo alilia siku tulipomwambia uzito wake hautoshi.

Marobota yakae juu ya magogo, mbali kidogo na ukuta, chini ya bati lisilovuja. Mchwa wa huku unawajua. Paka magogo oili chafu na ukague kila wiki. Ukifunga nyasi zenye unyevu, baada ya siku chache ingiza mkono katikati ya robota: ni moto. Ndani zinaoza na kuota ukungu, na rundo kubwa linaweza hata kuwaka lenyewe.

Sasa hesabu, na hapa ndipo utanichukia kidogo.

Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa anakula karibu asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, ukipima chakula kikiwa kikavu kabisa. Hiyo ni kilo 12. Wawili, kilo 24. Mtamba kilo 7, dume kilo 8, ndama tumpe 2. Jumla kilo 41 kwa siku. Kiangazi chetu tukihesabu siku 150, unahitaji kilo 6,150. Tani sita na ushee za chakula kikavu.

Unacho nini? Kwanza pima shamba la ukoo badala ya kulikadiria. Tengeneza mraba wa mita moja kwa mita moja kwa vijiti, utupe sehemu tano tofauti, ukate kila kilichomo, ukaushe, upime kwenye mzani wa dukani, kisha utafute wastani. Ukipata gramu 400, zidisha mara 4,000, kwa sababu ekari ina mita za mraba elfu nne na kidogo. Ni kilo 1,600, yaani marobota 80. Mabingobingo ya nusu ekari, mkato mmoja wa sasa, tuseme tani 4 mbichi. Toa maji, unabaki na kilo 800. Pumba na mashudu (masalia ya mbegu zilizokamuliwa mafuta), ukiwapa hao wawili kilo nne nne kila siku, zinabeba kama kilo 1,000. Jumla ya ulichonacho ni kilo 3,400. Pengo ni kilo 2,750.

Dume peke yake anakula kilo 1,200 za pengo hilo, marobota 60, na hatoi hata kikombe.

Najua atakachosema shemeji. Sisi Wasukuma ng'ombe tunawahesabu kwa vichwa, hatuwahesabu kwa lita, na dume zuri nyuma ya nyumba lina heshima yake. Lakini kama hana kazi ya kupanda majike wala ya kukokota, apelekwe mnadani mwezi huu akiwa ananawiri. Mkingoja Septemba atakuwa mbavu tupu, na siku hiyo mnadani mtakutana na kila mwenye dume la mbavu tupu. Fedha yake inunue mashudu. Msimu wa pamba ndio unaanza, viwanda vya kuchambua pamba na kukamua mafuta vinapata mbegu mpya, na mashudu hayawi rahisi wakati mwingine wowote kuliko miezi hii inayofuata.

Sehemu iliyobaki ya pengo ukiweka akili haikusumbui. Juni ni mavuno. Marando ya viazi vitamu, majani ya karanga, maganda na mashina ya choroko, vyote hivi watu wanaviacha shambani au kuvichoma, na vina protini kuliko nyasi yoyote uliyonayo. Zungukia majirani na guta, waombe kabla hawajawasha kiberiti. Majani ya pamba yaache, shamba lilishapigwa dawa. Machipukizi ya mtama nayo yaogope: mtama uliokatwa ukachipua tena kwenye ukame unakuwa na sumu ya sianidi inayoua ng'ombe kabla hujampata daktari.

Kuna pia mabua ya mpunga kwenye majaruba, tena bure. Yenyewe ni kama kula mkeka, lakini yakilowekwa kwa urea yanabadilika. Kilo 100 za mabua makavu, kilo 4 za urea iliyoyeyushwa yote kwenye lita 50 za maji. Unanyunyiza tabaka kwa tabaka ndani ya nailoni, unakanyaga, unafunga kabisa kwa wiki tatu. Ukifungua yatatoa harufu kali ya kuchoma macho. Tandaza yapumue nusu siku ndipo uwape, ukianza na kidogo. Usimpe ndama, na mfuko wa urea ufungie ndani ya nyumba. Ng'ombe akiilamba mbichi au akinywa maji yake anakufa kwa saa chache. Kama huna mtu makini wa kukusaidia, kazi hii iache.

Umeuliza sileji. Kwa shamba la ukoo, hapana. Nyasi za kawaida zikaushe. Kwa mabingobingo, ndiyo, kwa sababu mashina yake ni manene na hayakauki vizuri. Yakate yakiwa na urefu wa mita moja hivi. Yale yaliyokuzidi kichwa yameshakuwa miti. Yaache yanyauke siku moja, yakatekate vipande vya sentimita mbili au tatu, nyunyiza molasisi kilo 3 kwa kila kilo 100 za majani baada ya kuizimua kwa maji kidogo, kisha pakia kwenye nailoni nzito. Kanyaga. Ukidhani umekanyaga vya kutosha, kanyaga tena, maana adui hapo ni hewa. Funga siku hiyohiyo, acha wiki sita ukiweza. Tatu ndiyo mwisho wa haraka.

Mwaka wangu wa pili wa kufuga, pale Usagara, nilijaza mifuko mitano, nikajisifu kwa kila aliyepita. Mifuko niliiegemeza ukutani karibu na banda la kuku. Kuku wakadonoa. Matundu madogo tu, huyaoni mpaka uiname. Nilipofungua mfuko wa kwanza mwezi Agosti, juu palikuwa peupe kwa ukungu, chini peusi, harufu ya soksi za mwanafunzi wa bweni. Ng'ombe wakanusa, wakanitazama, wakageuka. Mitatu kati ya mitano ilikwenda shimoni. Sileji nzuri ina uchachu unaokaribisha, kama togwa iliyokaa siku ya pili, na rangi yake ni kijani cha kahawia. Wape baada ya kukamua, usiwape kabla, la sivyo harufu inaingia kwenye maziwa na wateja wataiona.

Pumba. Sitakuandikia kitabu. Changanya pumba za mahindi kilo 70, mashudu 27, madini 2, chumvi 1. Majani mazuri yanaweza kumbeba ng'ombe mpaka lita tano au sita hivi. Kila lita mbili zinazozidi hapo, kilo moja ya mchanganyiko. Pumba za mpunga zipo tele na ni rahisi, ila wauzaji wanachanganya na makapi. Chukua gao moja, utie kwenye glasi ya maji, koroga kidogo: makapi yanaelea, pumba inazama. Ukiona nusu ya glasi inaelea, mrudishie mfuko wake. Na mashudu ya pamba usimpe huyo ndama wa miezi mitatu. Yana kitu kinaitwa gosipoli ambacho tumbo la ng'ombe mkubwa linakimudu, lake bado.

Sasa jirani na ziwa lake. Ng'ombe wake anatoka asubuhi, anarudi jioni, na majani ya ufukweni ni kijani kweli mwaka mzima, hakudanganyi. Lakini muulize amekamua lita ngapi. Chotara akitembea kutwa, chakula anachokipata kinaishia miguuni. Halafu kule kwenye majimaji ndiko konokono wanaobeba minyoo bapa ya ini wanakoishi. Kiangazi wanyama wote wanajazana kwenye ukanda huo mwembamba wa kijani, wanakula majani yaliyobandikwa vifuko vya minyoo, na miezi miwili mitatu baadaye unaona ng'ombe anakonda huku anakula, nywele zimesimama, uvimbe chini ya taya. Nenda machinjioni siku moja uangalie maini yanayotupwa. Pia kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inayokataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mamba sijamtaja, unamjua mwenyewe.

Gugumaji nalo watu huniuliza sana, kwa hiyo nakujibu kabla: zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, na lina tabia ya kufyonza uchafu wa metali ziwani. Liache humo humo.

Mwisho kabisa, usiache kuogesha kwa sababu mvua imekata. Kupe wakubwa wanapungua kiangazi, ni kweli, na ndipo watu wanapoficha bomba la dawa darini. Lakini wale wadogo wa kupe wa masikio, unaowaona kama punje za ufuta, hujaa miezi hii hii ya Juni hadi Septemba, na nao wanaambukiza ndigana kali. Kila wiki, na funua ndani ya masikio kwa tochi. Huyo ndama kama hajachanjwa ndigana, mwone mtaalamu wa kata akuelekeze. Mtamba nao vilevile kabla hajazaa.

Anza na mraba wa mita moja, kabla ya kumwita fundi wa kasha na kabla ya kumgusia shemeji habari za dume. Ukishakausha na kupima, niandikie ni gramu ngapi. Zikizidi 600, hesabu yangu ya juu inabadilika, na huenda dume akapona.